Chapati za uwele zinapopasuka na sukari inapopanda: jibu kuhusu kupika nafaka za asili nyumbani

Swali: "Mume wangu ana umri wa miaka 52 na mwaka jana aligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili, anatumia vidonge. Mama mkwe anayeishi Kongwa alitushauri tuachane na sembe na ngano, na tangu hapo hututumia uwele na mtama, nami hununua ulezi sokoni hapa Dar es Salaam. Asubuhi mume wangu hunywa vikombe viwili vikubwa vya uji wa ulezi uliotiwa kimea, na badala ya sukari ninatia asali. Tulipompima baada ya saa mbili kipimo kilisoma 13.8. Chapati za uwele hunipasukia kwenye kibao, na mkate wa mtama nilioutia hamira haukuumuka. Unga wa uwele nao umekuwa mchungu ingawa niliufunga vizuri. Mtoto wetu wa miezi 14 hunywa uji huohuo kwa sababu naambiwa ulezi unaongeza damu. Ninakosea wapi, au nafaka hizi hazina manufaa tunayoambiwa?"

Jibu: Dada yangu, pole kwa mahangaiko hayo, na hongera kwa kumpima mume wako baada ya kula, kwa maana wengi hupima asubuhi kabla ya kula tu na hivyo hawajui kifungua kinywa kinawafanyia nini. Wasiwasi wako, nikiuelewa vizuri, ni kwamba umefuata ushauri kwa uaminifu, umegharamika na kutoka jasho jikoni, na matokeo hayafanani na sifa ulizozisikia. Mama mkwe wako hakukudanganya. Uwele, mtama na ulezi ni nafaka bora, na Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya ulezi na uwele ili zirudi mashambani na mezani. Lakini ubora wa nafaka hizi hupatikana au hupotea kati ya ghala na sahani, katika namna ya kusaga, kuloweka, kuchachusha na kupika, na karibu matatizo yako yote yanaanzia hapo.

Niondoe kwanza dhana moja inayowaponza wagonjwa wengi wa kisukari, kwamba nafaka za asili hazina wanga wa kupandisha sukari. Katika gramu 100 za unga wa ulezi au mtama, takriban gramu 70 ni wanga, kiasi kisichotofautiana sana na cha mahindi. Tofauti iko katika nyuzinyuzi zilizomo, katika namna protini ya mtama inavyouzingira wanga wake, na zaidi ya yote katika kasi ambayo wanga huo humeng'enywa kuwa sukari na kuingia kwenye damu. Punje nzima iliyochemshwa hutafunwa, hufika tumboni ikiwa vipandevipande, na vimeng'enya vya mwili huhitaji muda kuufikia wanga uliofichwa ndani. Unga laini uliochemshwa ndani ya maji mengi kwa muda mrefu umekwisha kuvunjwavunjwa na kuvimba, kwa hiyo mwili hauna kazi kubwa iliyobaki. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kula ulezi uleule, mmoja sukari yake ikapanda polepole na mwingine ikaruka.

Sasa tuangalie uji wa mume wako. Una mambo matatu yanayosukuma upande mmoja. La kwanza ni wingi, kwani vikombe viwili vikubwa vya kinywaji hunyweka kwa dakika chache, ilhali wanga uleule ungekuwa ugali angeshiba mapema zaidi. La pili ni asali. Asali ni sukari. Iliyomo ni glukosi na fruktosi, na kwa mgonjwa wa kisukari hainunui msamaha wowote kwa sababu imetoka kwa nyuki. La tatu, nalo ndilo watu wengi hawalijui, ni kimea. Punje ya ulezi inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga na kuufanya sukari ili mmea mchanga upate chakula. Ukitia unga wa kimea kwenye uji mzito unauona ukilegea mbele ya macho yako na kuwa mtamu kidogo hata kabla ya kutia chochote. Kulegea huko na utamu huo ni dalili kwamba mmeng'enyo umeanza sufuriani. Kimea ni kitu kizuri sana, na nitakirudia nikifika kwa mtoto, lakini kwa baba yake kinafanya kazi ambayo tungependa mwili wake uifanye wenyewe, polepole.

Ningekushauri ubadilishe kifungua kinywa chake kwa namna mojawapo kati ya mbili. Akiupenda uji, mpe kikombe kimoja cha kawaida, mzito, bila kimea na bila asali, uliopikwa kwa unga wa chengachenga. Mwombe fundi wa mashine asiusage ukawa laini kabisa, kisha uchachushe kwa kuchanganya unga na maji ya uvuguvugu na kuuacha umefunikwa tangu jioni hadi asubuhi ya keshokutwa au mpaka uwe na ukali wa kupendeza. Ukali huo ni asidi ya laktiki, ambayo hupunguza kidogo kasi ya wanga na huupa uji ladha inayokufanya usikumbuke sukari. Pamoja na uji huo ale kitu chenye protini, yai au kikombe cha maharage, wala asinywe uji peke yake. Namna ya pili, ambayo mimi binafsi naiona bora zaidi, ni kuachana na uji siku nyingi za wiki na kupika makande ya mtama: mtama uliokobolewa kidogo, ulowekwe usiku kucha, uchemshwe pamoja na kunde mpaka punje zilainike lakini zisipondeke, uungwe kwa kitunguu, nyanya na mafuta kidogo. Kunde humeng'enywa polepole, na punje nzima ya mtama hutafunika.

Kuhusu ugali wa mchana, bonge lisizidi ukubwa wa ngumi yake, hata kama ni wa uwele. Watu wa Dodoma wana mazoea yanayofaa kuigwa: ugali wa uwele huliwa kwa mlenda. Ule utelezi wa mlenda ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, na nyuzinyuzi za aina hiyo hupunguza kasi ya sukari kutoka utumboni. Mbadilishe hivi kwa wiki moja, mpime tena kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula, na uandike pembeni alichokula na kiasi chake. Watu wazima wengi wenye kisukari huwekewa lengo la kutozidi milimoli 10 kwa lita baada ya kula, ingawa daktari wake anaweza kumwekea lengo tofauti kulingana na hali yake.

Tuje kwenye chapati na mkate. Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa hushikamana na kuwa utando unaovutika, unaoitwa gluteni. Utando huo ndio unaokuwezesha kuisukuma chapati ikawa nyembamba bila kuchanika, na ndio unaonasa hewa ya hamira kama puto linavyonasa pumzi, mkate ukainuka. Uwele, mtama na ulezi hazina gluteni hata kidogo. Hamira yako ilifanya kazi yake, hewa ilitoka, lakini haikukuta utando wa kuizuia, ikapotea juu. Kwa hiyo ukanda kwa nusu saa au kwa saa nzima, ukaongeza hamira mara mbili, matokeo yatakuwa yaleyale. Umekuwa ukizidai nafaka hizi kazi ya ngano, na njia ni kuzipa kazi yao.

Kwa chapati, siri iko kwenye maji yanayochemka. Maji ya moto huuvimbisha sehemu ya wanga, na wanga uliovimba hunata na kushika donge mahali pa gluteni. Chemsha maji na chumvi kidogo, mimina kwenye unga wa uwele uliouchunga, kwa kipimo cha takriban kikombe kimoja cha unga kwa robo tatu ya kikombe cha maji, ukiongeza maji kidogokidogo ikiwa unga utayahitaji. Koroga kwa mwiko, funika kwa dakika kumi, kisha kanda ukiwa bado na uvuguvugu mkononi. Chukua donge moja, libonyeze kwa kidole gumba na uangalie kingo zake. Zikipasuka pembeni, chovya vidole kwenye maji na uendelee kukanda. Zikibaki laini, liko tayari. Usilisukume kwa mti wa chapati. Liweke katikati ya karatasi mbili za plastiki safi, ulipapase kwa kiganja mpaka liwe duara lenye unene wa chapati mbili za kawaida, kisha ulihamishie kwenye kikaango kilichopata moto. Kanda madonge ya kuliwa wakati huo tu, kwa sababu yakipoa hurudia ukakasi na kupasuka. Chapati hii haitakuwa na matabaka wala haitakunjika kama ile ya ngano, nawe usiihukumu kwa kipimo hicho. Iliwe ingali moto, kwa maharage ya nazi au mchuzi wa samaki, na utaona inavyojitosheleza.

Mkate wa hamira unawezekana pia, ila uwe wa kumimina. Pwani yetu imekuwa ikipika mikate isiyo na ngano tangu zamani, na sijui kwa nini tunapotaka kuoka nafaka za asili tunakimbilia umbo la boflo la ngano. Mkate wa mofa ulikuwa wa mtama. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele, ambao nao hauna gluteni, na bado huumuka vizuri kwa sababu mchanganyiko wake ni mzito kiasi cha kushikilia vipovu wakati unaiva. Wasomali kwa canjeero yao, Wasudani kwa kisra yao ya mtama na Waethiopia kwa injera ya tefu, nafaka yao yenye punje ndogo sana, wote wamefuata njia ya uji uliochachuka na kumiminwa kikaangoni.

Nakupa kipimo cha kuanzia. Loweka nusu kikombe cha mchele usiku kucha, uchuje, uusage kwa blenda pamoja na kikombe kimoja cha tui zito na yai moja mpaka ulainike kabisa. Ongeza kikombe kimoja na nusu cha unga wa mtama mweupe, kijiko kidogo cha hamira, chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa, na sukari isizidi kijiko kimoja kikubwa, au uiache kabisa ikiwa hamira yako ni ya chengachenga zinazoumuka haraka. Mchanganyiko uwe wa kumiminika kutoka kwenye upawa kwa utepe mzito usiokatika. Ukikatika, ongeza tui. Funika mahali penye joto mpaka uso wake ujae vitobo, jambo ambalo kwa joto la Dar es Salaam halichukui muda mrefu, na usiuache ukainuka mpaka ukaanza kushuka. Usiukoroge tena. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto, palia makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, au tumia oveni ya joto la wastani, na usifungue mapema. Acha upoe kabisa kabla ya kukata, kwa sababu mkate usio na gluteni ukikatwa ukiwa moto huwa na unyevu unaonata kwenye kisu, ukadhani haujaiva.

Ikiwa familia yako haiwezi kuachana na mkate wa kukata vipande, changanya. Robo ya unga ikiwa ya mtama au ulezi na robo tatu ngano isiyokobolewa, mkate utaumuka kwa kiwango kinachokubalika. Ukizidisha sana hapo utaanza kuwa mzito na kumomonyoka. Nasema kweli kwamba mkate huo kwa mgonjwa wa kisukari hautofautiani sana na mkate wa ngano nzima wa kawaida, hivyo kipande chake kihesabiwe vilevile.

Uchungu wa unga wa uwele una sababu yake pia. Uwele una kiini kikubwa kulinganisha na ukubwa wa punje, na kiini hicho kina mafuta mengi kuliko ngano au mchele. Maadamu punje ni nzima, mafuta yamefungiwa na hayaharibiki kwa urahisi. Siku unaposaga, vimeng'enya na hewa hukutana na mafuta hayo, na kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam unga huanza kuwa mchungu kwa siku chache tu, hata ukiwa umefungwa vizuri. Hifadhi uwele ukiwa punje, saga wa wiki moja kwa wakati, na uweke unga kwenye jokofu. Ukikaanga punje kwa moto mdogo mpaka zinukie kabla ya kusaga, joto huvizuia vimeng'enya hivyo na unga hudumu zaidi. Unga ulioharibika usijaribu kuuokoa kwa kuchanganya na mwingine. Kama uchungu unauhisi kwenye mtama mwekundu hata ukiwa umesagwa jana, hilo ni jambo lingine, ni tanini, kemikali yenye ukakasi iliyo kwenye ganda. Chagua mtama mweupe au ukoboe kidogo. Na ukisikia mchanga menoni kwenye ulezi, mimina punje kwenye beseni la maji, zitikise kwa mkono na umimine maji pamoja na punje zinazoelea kwenye chombo kingine, ukiacha mchanga chini. Rudia mpaka chini pawe safi, kisha zianike mpaka zikauke kabisa.

Kwa mtoto, nianze na dhana ya kuongeza damu. Rangi ya uji wa ulezi huwafanya watu waamini hivyo, lakini sifa kubwa ya ulezi ni kalisi (kalsiamu), madini ya mifupa, takriban miligramu 340 katika gramu 100, kiasi ambacho mahindi, mchele na ngano havikikaribii. Madini ya chuma yamo kwa kiasi cha wastani, na asidi ya fitiki pamoja na tanini zilizomo huyashika na kuyazuia yasifyonzwe vizuri. Hapa ndipo kuloweka, kuchachusha na kuotesha vinapofaa, kwa kuwa vyote hupunguza asidi hiyo. Ongeza kitu chenye vitamini C katika mlo huohuo, maji ya ubuyu, chungwa au embe, na usimpe chai pamoja na chakula. Hata hivyo, mtoto wa miezi 14 hatapata damu ya kutosha kwa uji peke yake. Anahitaji dagaa waliosagwa, maini, yai, mboga za majani na maharage yaliyopondwa, kwa zamu, kila siku.

Kimea, ambacho nimemkataza baba, kinamfaa mtoto huyu. Tumbo lake ni dogo, na uji mzito humshinda kabla hajapata nguvu za kutosha, wakati uji mwepesi umejaa maji. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania walihimiza unga wa kimea kwa sababu hiyo: unapika uji mzito, unauacha upungue moto kidogo, unakoroga kijiko kimoja cha unga wa kimea, unalegea, kisha unaurudisha jikoni uchemke kabla ya kumlisha. Mtoto hupata unga mwingi katika kikombe kilekile. Kwa hiyo pikeni sufuria mbili. Tumia kimea cha ulezi, si cha mtama, kwa maana machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sianidi na lazima yaondolewe yote baada ya kukaushwa. Kwa jikoni la nyumbani sioni sababu ya kujitia katika hatari hiyo. Punje zilizooteshwa zikionyesha ukungu wa kijani au mweusi, tupa zote. Uangalifu huohuo utumie kwa karanga ukizitia kwenye uji, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi ndiyo yaliyohusishwa.

Yako mambo ambayo sitaki uyamalize kwa ushauri wa maandishi. Mume wako asipunguze wala kuacha vidonge kwa sababu amebadilisha chakula. Kwa upande mwingine, baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamaidi, vinaweza kuishusha sukari mno mtu anapopunguza wanga ghafla, kwa hiyo mweleze daktari wake mabadiliko haya kabla ya kuyaanza. Akitetemeka, akitoka jasho jingi na kuchanganyikiwa, au kipimo kikisoma chini ya 4, mpe mara moja maji yenye sukari au soda ya kawaida ikiwa anaweza kumeza, umpime tena baada ya dakika 15, na umpeleke kituoni asipopata nafuu. Akiwa amepoteza fahamu usimnyweshe kitu chochote. Vipimo vikiendelea kuzidi 10 baada ya kula kwa wiki mbili licha ya mabadiliko haya, arudi kliniki na daftari lake, kwa kuwa huenda dawa ndiyo inayohitaji kurekebishwa. Kama ana tatizo la figo, aonane kwanza na mtaalamu wa lishe wa hospitali, kwa sababu nafaka zisizokobolewa na kunde vina fosforasi na potasiamu nyingi. Mtoto naye apelekwe kliniki apimwe damu na uzito ikiwa viganja na ndani ya kope vimepauka, amekosa uchangamfu, au mstari wa uzito kwenye kadi yake umelala au kushuka.